Masaa Matano Kutoka Lima

Lima, Peru
2 Septemba 2025

Mdogo wangu Anésie,

Pokea salamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu simu hii si yangu. Ni ya Akilimali, Mkongomani ninayekaa naye chumba kimoja, mtu mwema sana, ila hapendi maneno asiyoyaelewa yatoke kwenye simu yake, na Kirundi hakijui. Basi tuandikiane hivi, tuelewane wote watatu.

Sina habari nzuri. Nilikuambia mwezi wa sita kwamba nakuja Lima wiki mbili tu, niangalie kazi, kisha nirudi São Paulo kumchukua Lyse. Nilimwacha kwa Mama Murhula, yule jirani aliyetupokea tulipofika Brazil. Kazi haikuwepo. Kisha mfuko wangu ukaibwa na papie zote za utambulisho zikaenda humo, pamoja na simu. Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Sasa Mama Murhula ameanguka ngazini, amevunjika nyonga, amelazwa, na shule ikagundua mtoto anakuja peke yake na anarudi kwenye nyumba tupu. Watu wa ustawi wa jamii wakamchukua. Yuko kwenye nyumba ya masista. Anakula, analala vizuri, hilo usiliogope. Sista mkuu anaitwa Dorothea, nimeongea naye, Akilimali akitafsiri kwa Kireno chake cha kuokoteza.

Jambo lenyewe ni hili. Jaji wa watoto ameweka tarehe: Jumatano, 15 Oktoba, saa nane mchana. Siku hiyo asipojitokeza mzazi mwenye uthibitisho, Lyse ataingizwa kwenye orodha ya watoto wasio na mtu, na familia ya huko itaweza kumchukua awe wao kabisa. Sista anasema kuna watu wameshamuulizia.

Sijui nifanye nini. Niambie.

Kaka yako,
Égide


Merrylands, Sydney
4 Septemba 2025

Kaka Égide,

Nakuita kaka kwa sababu ulizaliwa kwanza, sababu nyingine sina. Wiki mbili zinakuwaje miezi mitatu? Mtu anaweza kuacha viatu kwa fundi miezi mitatu. Mtoto haachwi hivyo.

Barua yako nimeisoma kwenye treni nikienda kazini Seven Hills, nikapitiliza kituo. Wazee ninaowatunza kazini wamekaa bila kuogeshwa mpaka saa tatu, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, tumbo.

Sasa nisikilize. Nimetafuta. Kutoka Lima hadi São Paulo ni kama kilomita elfu tatu mia nne na sabini. Ndege inatumia masaa matano, hata hayafiki. Masaa matano, Égide. Hapa mtu akitoka Sydney kwenda Perth, nchi moja hii hii, anatumia muda huo huo, na watu wa kanisani kwetu wanaenda Perth arusini na Jumatatu wako kazini. Usiniambie ni mbali. Panda ndege, vaa shati safi, simama mbele ya huyo jaji useme huyu ni mwanangu. Tiketi niachie mimi.

Mimi siwezi kuja, unajua. Rhoda bado ananyonya, Ronnie ndiyo kwanza ameanza shule, na mume wangu Gregori yuko shifti ya asubuhi kule ghalani Smithfield. Na hata nikija nitasema mimi ni nani? Shangazi? Shangazi ni mtu wa kuleta zawadi, jaji gani atamsikiliza. Baba yake ni wewe. Kwenye kila karatasi, baba yake ni wewe.

Anavaa kiatu namba ngapi sasa? Na lile sikio la kushoto bado linatoa usaha? Mwambie Sista asimwoshe kichwa bila kumwekea pamba.

Dada yako,
Anésie


Lima
10 Septemba 2025

Anésie,

Hayo masaa matano ni ya mwenye pasipoti. Sisi wengine ni siku tano, kwa basi, milima kwanza halafu msitu, na mpakani ukutane na polisi wa zamu hiyo. Nilipotoka Brazil sikuaga mtu. Sijui kama watanipokea tena.

Halafu kuna jingine. Sista Dorothea amenisomea kilichoandikwa kwenye faili. Jaji ameona mimi ni Ntwari na mtoto ni Irankunda, akauliza ni baba wa aina gani asiyempa mwanawe jina lake. Nikamweleza Sista kwamba kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Nikamwambia mimi na wewe na marehemu Ildephonse, tumbo moja, hakuna wawili wenye jina moja. Akauliza, sasa nyinyi mnajuaje nani ni wa nani? Kwetu watu wanajua tu.

Kiatu ni thelathini na saba. Sikio limepona zamani.

Égide


Merrylands
13 Septemba 2025

Kaka,

Hilo la majina lisikutishe, nimeshalishughulikia. Mchungaji Zakayo ameandika barua, kurasa mbili, na mhuri wa kanisa, akieleza jinsi Warundi tunavyoitana majina. Kazini kuna mama wa Kibrazili, ameitafsiri wakati wa mapumziko na alipomaliza akaniuliza maswali mengi kuliko jaji. Nimeiambatisha hapa.

Papie: nenda ubalozi wa Brazil hapo hapo Lima. Waambie umeibiwa, mtoto wako yuko kwao, una tarehe ya tribunali. Watakupa karatasi ya kusafiria. Usiende na uso wa kuomba msamaha kama kawaida yako. Nenda kama mtu anayedai chake.

Lyse anasema nini? Anauliza nini? Sista anasema analia?

Anésie


Merrylands
24 Septemba 2025

Siku kumi na moja kimya. Umekwenda ubalozi au hukwenda? Zimebaki wiki tatu. Jibu hata neno moja.

A.


Lima
3 Oktoba 2025

Anésie,

Akilimali yuko kazini, ameniachia simu. Naandika peke yangu, na nikimaliza nitaifuta.

Karatasi ya kusafiria ninayo. Nilipewa tarehe 22, wala hawakunisumbua. Tiketi yako ningeipokea kesho, keshokutwa ningekuwa São Paulo. Nimekuficha, naomba unisamehe. Sikujua nianzie wapi.

Kinachonizuia ni damu. Barua ya mchungaji jaji ameisoma, akaishukuru, akasema kwa kuwa majina hayathibitishi kitu, baba akija apimwe DNA pamoja na mtoto kabla ya kukabidhiwa. Sista aliniambia kwa furaha. Alidhani ananipa habari njema.

Nikipimwa, itaonekana mimi si baba. Nitakuwa mwanamume mzima aliyevuka bahari na mtoto wa kike asiye wake, kwa karatasi za uongo. Unajua watu kama hao wanaitwaje. Wakinifunga, hilo nalimeza. Lakini Lyse ataambiwa aliibwa, na atakua akiamini hivyo.

Miaka kumi na moja hatujalisema hili hata tukiwa wawili tu. Leo nalisema. Lyse ni mwanao. Ulimzaa tarehe tisa Machi, kambini Nyarugusu, kwenye hema la mama, mvua ikinyesha, na mimi ndiye niliyeshika turubai lisipeperuke. Faili lako la kuhamia Australia lilikuwa limeshapita usaili wa pili. Baba yetu akasema mtoto akiongezwa faili litarudi mwanzo, na waliorudi mwanzo tuliwaona, walizeekea pale pale. Nikamwandikisha kwenye kadi yangu ya mgao. Nusu ya kambi walifanya hivyo, mtoto wa huyu kwenye kadi ya yule, na hakuna aliyeona kosa. Mtoto alikula, wewe ukapita. Tulidhani ni kadi ya unga na maharage tu. Kumbe karatasi ile ndiyo iliyozaa karatasi zake zote, mpaka hii iliyoko mezani kwa jaji.

Mama akisimama, yote yanakwisha. Ukija, ukapimwa wewe, watamkabidhi kwako. Sina njia nyingine. Nimekaa wiki mbili natafuta nyingine na sijaiona.

Nakuomba, Anésie. Sijawahi kukuomba kitu.

Égide


Merrylands
5 Oktoba 2025

Égide,

Ifute. Na hii uifute.

Kwenye fomu ya viza kulikuwa na ukurasa wa watoto. Niliandika hakuna, nikasaini. Fomu ya uraia ikauliza tena. Hakuna. Gregori aliniuliza kabla hajapeleka barua ya posa, akiniangalia usoni, nikasema hakuna. Leo niseme yupo? Wataninyang'anya nini kwanza, pasipoti au mume? Nina watoto wawili hapa, mkubwa ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Nitarudi nao wapi?

Siwezi. Niite mnyama, nitaitika. Ila usiniandikie tena jambo hili.

A.


Merrylands
10 Oktoba 2025

Baba Ronnie,

Nimeiweka barua hii kwenye mfuko wako wa chakula ili uisome kwenye mapumziko, ukiwa umekaa. Nimejaribu kusema kwa mdomo siku nne mfululizo. Kila nikianza, naishia kukuuliza kama chai ina sukari.

Nina mtoto mwingine. Anaitwa Lyse, ana miaka kumi na moja. Unamjua kama mtoto wa kaka yangu, umeona picha zake, uliwahi kusema ana paji la uso kama la Rhoda nikaondoka mezani. Nilimzaa kambini kabla sijapata safari, na baba yake alitukimbia kabla hajazaliwa. Nilimficha kwenye kadi ya Égide ili faili langu lisirudi nyuma. Uliponiuliza nikakudanganya, na baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake.

Yuko São Paulo, kwenye nyumba ya masista. Jumatano ijayo jaji atampa watu wengine asipotokea mzazi, na mzazi ni mimi peke yangu. Égide akipimwa damu atashindwa.

Viza ya Brazil ninayo tangu tarehe 11 Septemba. Niliiomba nikiwa bafuni, bomba limefunguliwa msisikie kitu. Kaka nilimwambia siwezi kuja, na kila siku kwenye treni nilifungua ile viza nikaitazama.

Nataka kwenda. Inawezekana nikirudi nikute serikali inanidai maelezo. Inawezekana nikukute wewe umehama. Nimekuandikia kwa sababu sitaki kuondoka kwa uongo tena.

Anésie


13 Oktoba 2025

Mama Ronnie,

Siku tatu sikusema na wewe kwa sababu maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa mabaya. Bado ninayo. Miaka saba nakaa na mtu, kumbe nakaa na nusu yake. Sasa nimejua kwa nini kila tarehe tisa Machi unaomba shifti mbili. Mimi nilikuwa najisifia kwa watu kwamba mke wangu ni mchapakazi.

Nimeomba likizo. Ndege ya kesho imejaa. Ya Jumatano kulikuwa na kiti kimoja, nimekichukua. Maziwa ya Rhoda kamua uache kwenye friji, chupa uandike tarehe.

Ya kwetu tutazungumza ukirudi, na sikuahidi yataishaje. Ila huyo mtoto kamchukue.

Gregori


Merrylands
13 Oktoba 2025

Kaka yangu,

Nisamehe kwa ile barua. Nakuja.

Sikiliza vizuri. Sydney hadi Santiago ni masaa kumi na mawili na nusu, naondoka Jumatano mchana na nafika Jumatano hiyo hiyo saa tano asubuhi ya huko, usiniulize, ndivyo dunia ilivyo. Santiago hadi São Paulo ni kilomita elfu mbili na mia sita, masaa manne. Ndege inaondoka saa saba, inafika saa kumi na moja jioni. Jaji anaanza saa nane. Nakosa masaa matatu.

Kwa hiyo tangulia wewe. Nipe namba ya karatasi yako nikukatie tiketi ya Lima hadi São Paulo leo leo. Usikubali kupimwa kitu. Mwambie jaji mama yupo hewani, asubiri mpaka jioni tu. Nijibu ukiipata hii, hata kama Akilimali anasoma. Asome.

Dada yako,
Anésie


Lima
14 Oktoba 2025, jioni

Mama Anésie,

Miye ni Akilimali, mwenye simu. Barua yako nimeipata leo, siku mbili sikuwa na intaneti. Nimeisoma. Nilikuwa nazisoma zote, unisamehe, hata ile aliyosema ataifuta. Kufuta hajui.

Égide hayuko. Aliondoka Alhamisi kwa basi. Nilimwambia, ndugu, papie unayo, muombe dada tiketi. Akasema dada ameshatoa jibu, asisumbuliwe. Simu hana. Kama mpakani wamempitisha, atafika kesho asubuhi.

Lazima nikwambie atakachosema, maana alifanya mazoezi hapa chumbani na jaji nilikuwa miye. Atakubali kupimwa. Itaonekana ni mjomba. Atasema ni kweli, mimi ni mjomba wake, mama yake alikuwa dada yangu, alikufa kambini akijifungua, nikamlea kama wangu. Alisema mtu aliyekufa hatafutwi na serikali ya nchi yoyote. Nikamuuliza, na mtoto je? Akasema atalia, halafu atanyamaza, na wewe utabaki salama kwenu. Nikamuuliza, na wakimpa watu wengine? Alikunja shati akaweka kwenye mfuko.

Nimepiga simu kwa masista mara nne. Sista Dorothea hapatikani, na anayepokea haelewi Kireno changu, anakata. Adresi yao ya barua pepe nimekuwekea hapo chini. Mwandikie mtoto mwenyewe.

Akilimali


Santiago, uwanja wa ndege
15 Oktoba 2025, saa sita na nusu mchana

Lyse,

Sista hasomi Kiswahili. Ataona jina lako hapo juu, na namwomba Mungu huyo Sista akupe uisome. Soma haraka. Ukishindwa neno, liruke uendelee.

Leo saa nane utaingia kwa jaji na utamkuta Baba. Usimkasirikie kwa kuchelewa, amekaa kwenye basi siku tano kuja kwako. Atasema yeye si baba yako, ni mjomba wako. Hilo ni kweli. Halafu atasema mama yako alikufa siku ulipozaliwa. Hilo si kweli. Analisema ili kunilinda, kwa sababu aliniomba nije nikamwambia siwezi.

Mimi unayeniita Shangazi ndiye niliyekuzaa. Ulipokuwa ukinipigia, nikasema mtandao mbaya nikakata, mtandao haukuwa mbaya. Nilikuwa nashindwa kukusikia ukiniita shangazi. Nilikuacha una miaka mitatu. Ulikuwa umelala mgongoni kwa Baba na sikukuamsha, maana nilijua ukifungua macho sitaondoka. Sina la kujitetea. Utaniuliza yote na nitakujibu yote, hata kama utachukua miaka kunisamehe, hata kama hutanisamehe.

Sasa niko Chile. Kati yako na mimi zimebaki kilomita elfu mbili na mia sita, masaa manne ya ndege. Nimeomba waniweke kwenye ndege ya mapema, hakuna. Nimeomba mpaka mlinzi akaniletea kiti nikae. Nimepiga kwa masista, hawanielewi. Nitafika saa kumi na moja, na jaji atakuwa ameshaandika.

Kwa hiyo umebaki wewe. Mimi Kireno sijui hata cha kuomba maji, na wewe unakijua. Baba akisema mama amekufa, simama. Usiogope mtu mzima yeyote humo ndani. Sema mama yangu yuko hai, anaitwa Anésie, yuko kwenye ndege, anakuja kupimwa damu. Wakikuuliza unajuaje, waonyeshe barua hii. Waombe wasisaini kitu mpaka jioni. Na Baba mshike mkono.

Najua ni kazi kubwa kwa mtoto. Ilikuwa yangu, nimechelewa nayo.

Wanatuita tupande. Nazima simu sasa, na kwa masaa manne sitajua kama umesimama.

Mama yako,
Anésie